Doa Lililofika Kwenye Mbao

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu. Upande wa mlango alikaa Fundi na nyundo yake. Upande wa dirisha alikaa mkewe na cherehani. Mume aliyavua makochi nguo zao kuukuu, mke akayashonea mpya. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Katika miaka yote hiyo hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo moja: nani kati yao ndiye mkubwa wa kazi.

Mke aliitwa Mama Uzi. Hakuna siku aliyotembea bila uzi kumganda mahali. Mara begani, mara kwenye nywele, siku nyingine mpaka kwenye nyusi.

"Mke wangu, leo una uzi mwekundu sikioni," Fundi alimwambia asubuhi moja. "Nani kakushona?"

"Uache hapo hapo. Siku nikipotea, utaufuata huo."

Fundi alicheka. Hakujua kwamba mkewe alikuwa ameshaanza kupotea kidogo kidogo, pale pale mbele ya macho yake.

Mama Uzi alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hedhi yake ilikoma miaka saba nyuma, naye akaiaga kama mgeni aliyekaa sana. Kisha siku moja akaona tone. Lilikuwa na rangi ya chai nyepesi. Wiki mbili baadaye likaja jingine, jekundu. Halikuuma. Halikumzuia kufanya kazi.

Fundi wa kushona hakosi kitambaa. Alichukua vipande vya pamba vilivyobaki, akavikunja, akavipindia kwa mishono miwili miwili. Vilikuwa vizuri kiasi kwamba mtu angeweza kuvinunua dukani. Alifua mwenyewe, akaanika ndani, nyuma ya mlango. Miezi minne ikapita hivyo.

Mtu mmoja tu aliambiwa. Ni wifi yake, dada mkubwa wa Fundi. Mtaa mzima walimwita Shangazi, hata wasio na undugu naye.

"Umerudi usichana, wifi!" Shangazi alicheka na kupiga makofi. "Sasa ndugu yangu atapumua lini?"

"Nauliza kwa dhati, wifi."

Shangazi akaacha kucheka. Akaanza kuokota nyuzi sakafuni, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Nyamaza tu," alisema. "Mambo haya yakishatoka nje hayarudi ndani. Yatakwisha yenyewe."

Alisema hivyo bila kumtazama usoni.

*

Aliyelivumbua jambo hilo alikuja kwa shughuli nyingine kabisa. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Nusu ya vijana wa mtaa ule walitokea mikononi mwake, na mpaka leo aliwasemesha kama wachanga. Siku hiyo alileta kochi lake la watu watatu. Katikati ya kiti palikuwa na doa dogo la kahawia, upana wa sarafu.

"Nibadilishie kitambaa tu," alisema. "Doa lenyewe dogo. Usinitafutie makuu."

"Mama Mkunga, doa dogo ndilo linalonitia wasiwasi," Fundi alijibu. "Kubwa huwa limejieneza juu. Dogo hujui limeelekea wapi."

Mama Uzi aliinuka kuja kupima. Alikuwa amekalia rundo la kitambaa cheupe, kile cha kufunika chini ya makochi. Mkunga akatupa jicho pale alipotoka. Palikuwa na doa bichi.

Mkunga hakushtuka. Alimgeukia Fundi.

"Fundi, nenda kaninunulie maji ya kunywa."

"Maji yapo, mama. Ya mtungi, baridi kabisa."

"Mimi nataka ya dukani."

"Lakini haya ndiyo..."

"Fundi. Ya duka la mbali."

Fundi akaenda. Mkunga akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na Mama Uzi.

"Siku zako zilikoma lini?"

"Mwaka wa saba huu."

"Na hiyo imeanza lini?"

"Miezi minne." Mama Uzi alishika ncha ya kitambaa cheupe akaikunja. "Lakini haiumi, mama. Kama ingeuma ningekwenda."

"Ndipo wengi mnapoangukia. Mnangoja maumivu." Mkunga alishusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mwanamke akishapita mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, hata ya rangi ya chai, aende akapimwe. Mara nyingi si saratani. Lakini saratani ya mfuko wa uzazi ikija, hodi yake ya kwanza ndiyo hiyo damu. Maumivu huja baadaye, yakiwa yameshaingia na viatu. Wewe umepigiwa hodi miezi minne, umekaa kimya kama hakuna mtu nyumbani."

"Naogopa, mama."

"Ogopa. Kuogopa si dhambi. Ila ogopa ukiwa njiani kwenda hospitali."

Fundi aliporudi na chupa ya maji, alimkuta mkewe amekwisha vaa viatu vya kutokea.

*

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimpima Mama Uzi kwa mashine ya picha. Kisha kwa mrija mwembamba akachukua kinyama kidogo kutoka kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Kinyama kikapelekwa maabara. Wiki mbili baadaye aliwaita wote wawili.

"Ni saratani," alisema. "Imeanza kwenye utando wa ndani wa mfuko. Hiki kinyama kinaonyesha daraja la kwanza."

Fundi ndiye aliyeanza kuuliza.

"Daktari, kwenye mbao daraja la kwanza ndiyo bora. Huku je?"

"Huku la kwanza ni pole kuliko mengine. La tatu ndilo kali."

Fundi akashusha pumzi. Mama Uzi hakushusha.

"Tutafanya upasuaji," daktari aliendelea. "Tutatoa mfuko wa uzazi, mirija na ovari. Tutatoa na tezi chache za jirani tuzikague. Kisha vyote vitapelekwa maabara vichunguzwe upya. Jibu kamili litatoka huko. Mama, unakubali?"

Mama Uzi aliuliza maswali matatu, akajibiwa. Akatia sahihi mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka kama mshono.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Saa nane mchana muuguzi alitoka chumba cha upasuaji, akamkabidhi Fundi chombo cheupe cha plastiki chenye mfuniko. Juu yake palibandikwa utepe wenye jina la mkewe.

"Mzee, hospitali yetu haina maabara ya patholojia, ile ya kuchunguza nyama ya mwili. Chombo hiki kipeleke maabara kubwa, leo hii. Usifungue. Usimwage dawa iliyomo. Usiongeze maji. Na karatasi hii iende nacho."

"Humu kuna nini?"

Muuguzi alimtazama kwa huruma. "Mfuko wa uzazi wa mama, mzee. Na vilivyotolewa pamoja nao."

Fundi alikaa kwenye benchi la nje, chombo mapajani. Hakikuwa kizito. Hilo ndilo lililomshangaza. Watoto watatu walilala mle. Wa kwanza alikuwa mbishi, akazaliwa na kilo nne na nusu. Wa pili alitoka mapema, wakamlea kwenye pamba. Wa tatu alikuja wakati makochi hayapo na unga haupo, naye akawa ndiye mchangamfu kuliko wote. Sasa wote walikuwa na nyumba zao mbali. Na nyumba yao ya kwanza ilikuwa hapa, kwenye chombo cha plastiki, mapajani kwake.

Hakwenda maabara. Alikwenda nyumbani.

Shangazi alikuwa anamngoja karakanani. Alipoelezwa, alijishika kichwa.

"Unataka kuupeleka wakaukatekate vipande kama nyama ya buchani?"

"Daktari alisema uchunguzwe upya, dada."

"Upya wa nini? Si walishapima? Si walisema daraja la kwanza, pole? Ugonjwa umekatwa, umetolewa, umo humo chomboni. Unautafutia nini tena? Yaliyopita si ndwele, ndugu yangu. Mwache mke wako apone kwa amani."

Fundi hakuhitaji kusukumwa sana. Maneno ya dadake yalikuwa yameshakaa moyoni mwake kabla hajayasikia. Alikwenda kwenye shelfu ya mabaki, akatoa kipande cha mahameli ya bluu. Kilikuwa kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyokuwamo. Alikuwa amekitunza miaka mingi bila kujua cha nini. Akakizungushia chombo. Kisha akachukua jembe, akaenda nyuma ya karakana, akachimba shimo. Alichimba kwa uangalifu, kingo zimenyooka, kana kwamba kuna mteja atakayekuja kupima.

Alipomaliza, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umefika. Akaacha chombo juu ya meza ya kazi, akakimbilia hospitali.

Mama Uzi alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Alifungua jicho moja.

"Umefikisha?" alinong'ona.

"Nimefikisha."

Mama Uzi akafumba jicho. Fundi akakaa pale akitazama dripu ikidondoka. Kila tone lilionekana kumhesabia uongo wake.

*

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya meza ya kazi. Jambo moja lilikuwa bado linamkera. Hakutaka kuzika mfuko ule ukiwa umeloweshwa kwenye dawa yenye harufu kali. Alitaka kuimwaga kwanza. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mfuniko aliposikia sauti mlangoni.

"Fundi! Kochi langu liko wapi, ama nikalie sakafu mpaka lini?"

Alikuwa Mama Mkunga. Fundi aliondoa mkono haraka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Karibu, mama. Kochi bado. Lakini njoo uone mwenyewe kwa nini."

Hapo akachangamka kidogo, kwa maana hapo alikuwa kwenye kazi yake. Kochi lilikuwa limevuliwa. Aliinua kitambaa cha zamani.

"Doa lako hili hapa juu. Sarafu tu, sivyo? Tazama sponji sasa." Aligeuza sponji. Doa lilikuwa upana wa sahani. "Na sasa tazama chini." Alionyesha ubao wa fremu. Ulikuwa mweusi, na alipoubonyeza kwa kidole ukabonyea. "Limefika kwenye mbao. Ningekubadilishia kitambaa tu, ungekaa miezi mitatu, kisha siku moja ungekutwa umekalia sakafu na miguu iko juu."

"Na wewe ulijuaje?"

"Nilifungua, mama! Fundi gani anahukumu kochi kwa kitambaa cha juu? Lazima ufungue, ushuke tabaka kwa tabaka. Kisha ndipo unajua: ni kufuta, ni kubadili sponji, ama ni kukata mbao."

"Maneno ya hekima hayo," Mkunga alisema. Pua yake ilikuwa inafanya kazi. "Hiyo harufu naijua. Miaka arobaini nimefanya kazi jirani nayo. Kuna nini kwenye mahameli hiyo?"

Mkunga alisogea mezani. Kona ya karatasi ya hospitali ilikuwa imechungulia. Aliisoma. Kisha akatazama nje kupitia mlango wa nyuma, akaliona shimo.

Hakufoka. Fundi angependa afoke.

"Umechimba shimo zuri," alisema polepole.

"Mama, ule mfuko ulibeba watoto wangu. Siwezi kuwapa watu wautie kisu. Na kipimo kilishasema. Daraja la kwanza. Yaliyopita si ndwele."

"Malizia methali."

"Mama?"

"Ina nusu ya pili. Malizia."

"Tugange yajayo."

"Utagangaje usichokijua? Kile kinyama cha kwanza kilikuwa kama ncha ya kitambaa iliyokatwa juu ya kochi. Kilisema kuna doa, na doa ni la aina gani pale lilipokatwa. Hakikusema limezama mpaka wapi." Aligusa ubao mweusi wa kochi. "Kochi langu umelifungua mpaka kwenye mbao. Mkeo unataka kumhukumu kwa kitambaa cha juu?"

Fundi akakaa kwenye fremu ya kochi, pale penye mbao mbovu, nusura izame naye. Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Siku hiyo machozi yalikuja peke yake.

"Nilitaka kumheshimu," alisema.

"Najua. Mahameli inaonyesha. Lakini mwenye mfuko alitia sahihi uchunguzwe. Heshima ni kufanya alilolitaka. Umefungua mfuniko?"

"Bado. Nilikuwa nakaribia kumwaga dawa."

"Basi shukuru kwamba nimelifuata kochi langu. Inuka. Twende."

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe upande mmoja. Alipokea bunda la bluu, akalitazama, akamtazama Fundi.

"Mzee, miaka yangu yote hapa, hiki ndicho chombo cha kwanza kuja kimevaa suti."

Kisha akawa makini. Akasoma utepe, akalinganisha jina na karatasi, akaangalia saa ya upasuaji.

"Kilipaswa kufika jana."

"Kosa ni langu," Fundi alisema. "Si la mtu mwingine."

"Dawa haijamwagwa?"

"Haijamwagwa."

"Basi una bahati. Dawa hii inazuia nyama isioze. Lakini mfuko mzima ni mnene, tunapenda tuufungue mapema dawa ipenye hadi ndani. Siku moja tunaweza kuivumilia. Ungeimwaga, ungeniletea kitabu kilichofutwa maandishi."

Fundi alikunja kofia yake mikononi. "Naomba kuuliza. Mnatafuta nini humo?"

Mtaalamu alimtazama kuona kama anauliza kweli. Akamwita kwenye darubini. Akaweka kioo chembamba cha kufundishia wanafunzi.

"Huu ni utando mzima, usio na ugonjwa. Unaona nini?"

Fundi alifumba jicho moja. "Naona mviringo, mviringo, mviringo. Kama springi zilizopangwa kwenye godoro jipya."

"Umesema vizuri kuliko wanafunzi wangu. Ndivyo seli zinavyojipanga, kwa miviringo. Sasa hii ni saratani ya daraja la kwanza."

"Miviringo bado ipo. Ila imesongamana. Inakanyagana."

"Bado zinakumbuka kwao. Zimeharibika tabia lakini hazijasahau malezi. Na hii ni daraja la tatu."

Fundi alitazama muda mrefu. "Hakuna mviringo. Ni rundo tu. Kama sponji ya vipande vya takataka vilivyogandishwa na gundi."

"Ndiyo hivyo. Tunapima ni sehemu gani imekuwa rundo. Ikiwa ni tano kwa mia au chini, daraja la kwanza. Zaidi ya hapo mpaka nusu, la pili. Zaidi ya nusu, la tatu. Tunatazama pia sura ya seli zenyewe. Zikiwa na sura mbaya sana, daraja hupanda. Na zipo saratani za aina nyingine, chache, ambazo ni kali tangu kuzaliwa. Hizo hatungoji kuhesabu rundo. Ndiyo maana kwanza tunauliza: hii ni ya aina gani?"

"Na kinyama cha kwanza?"

"Kilitoka sehemu moja. Labda sehemu ile ni ya wapole. Wakali wanaweza kuwa chumba cha pili."

Mkunga alikuwa amekaa nyuma. "Mwambie na habari ya kuzama," alisema.

"Ndiyo. Mfuko wa uzazi una ukuta wa msuli. Tunakata tupime saratani imezama kiasi gani. Haijafika nusu ya ukuta, ama imepita nusu? Tunatazama kama imeingia kwenye vile vimishipa vidogo, maana hizo ndizo njia zake za kusafiria. Tunatazama kama imeshuka kwenye mlango wa kizazi. Na tunatazama tezi. Vyote hivyo tunaandika, ndipo daktari anajua kama upasuaji umetosha."

"Kumbe daraja si umbali uliofika?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Daraja ni tabia ya ugonjwa. Umbali uliofika unaitwa hatua. Mwizi mpole anaweza kuwa amefika chumbani, na mwizi katili akawa bado yuko getini. Lazima ujue yote mawili."

Mtaalamu alikunja mahameli vizuri, akamrudishia.

"Hii kaa nayo, mzee. Na mkeo tutamshughulikia kwa heshima. Kila kipande humu kina jina la mtu."

*

Fundi alikwenda moja kwa moja wodini. Mama Uzi alikuwa ameketi, mto mgongoni, anakunywa uji kwa kijiko.

"Jana nilikudanganya," Fundi alisema kabla hajakaa. Akaeleza yote. Dada yake, mahameli, shimo, kochi, maabara. Hakujitetea mahali popote.

Mama Uzi aliweka kijiko chini.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "unashona bila kunipima. Ukichagua rangi ya ukuta, hunipimi. Ukichagua shule ya watoto, hunipimi. Na mwili wangu nao, Fundi?"

"Nisamehe."

"Sikiliza. Siku ile kwa daktari, wewe ulisikia neno pole ukashusha pumzi. Mimi nilisikia kwamba jibu kamili bado. Nimekuwa nikilingoja hilo tangu nifumbue macho. Na wewe ulitaka kulifukia."

Fundi aliinamisha kichwa. Mama Uzi alimwacha ainame kwa muda wa kutosha.

"Ilikuwa mahameli ya rangi gani?" aliuliza hatimaye.

"Ya bluu."

"Ile ya bluu? Niliyokuomba kwa gauni la harusi ya binti yetu ukaninyima?"

"Ile ile."

"Haya. Angalau sasa najua thamani yangu." Alichukua kijiko. "Usinidanganye tena."

"Sitakudanganya."

*

Jibu lilitoka wiki ya tatu. Daktari alisoma karatasi polepole, na safari hii alimtazama Mama Uzi muda wote.

"Aina ni ile ile ya kawaida. Lakini daraja si la kwanza. Ni la pili. Imepita nusu ya ukuta wa msuli. Na imeonekana kwenye vimishipa, si kimoja, vingi. Habari njema ni kwamba mlango wa kizazi ni safi na tezi ni safi. Upasuaji umeondoa kila tulichoweza kukiona."

"Na tusichokiona?" Mama Uzi aliuliza.

"Hilo ndilo swali. Ugonjwa uliozama namna hii na kuingia kwenye vimishipa unaweza kuacha mbegu nyuma. Nakushauri mionzi, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Utachoka. Tumbo linaweza kuharisha, na mkojo kuchoma. Tutakusaidia kwa hayo. Mionzi haifuti hatari yote, lakini inapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi hapo hapo nyongani."

"Kama mngefuata ile karatasi ya kwanza peke yake?"

Daktari aliweka karatasi chini. "Ningekuambia nenda nyumbani, mama, uje tu kuangaliwa."

Fundi alitazama mikono yake. Bado ilikuwa na makovu ya malengelenge ya jembe.

Mama Uzi hakumgeukia. Aliunyoosha mkono wake pembeni, akaukuta wa mumewe, akaushika palipo na makovu.

"Nitafanya mionzi," alisema.

*

Wiki tano zilikuwa ndefu. Siku nyingine Mama Uzi alirudi akalala sakafuni karakanani, juu ya sponji mpya, hana nguvu ya kupanda kitandani. Fundi alijifunza kupika uji. Uji wa kwanza ulikuwa na mabonge. Mkewe alisema wautumie kujazia mito. Wa mwisho ulinyweka.

Siku aliporudi kwenye cherehani, alitoka kwanza nyuma ya karakana kuvuta hewa. Akaliona shimo. Lilikuwa bado lipo, kingo zimenyooka.

"Ndilo hili?"

"Ndilo. Nimeshindwa kulifukia. Kila nikishika jembe naona haya."

Mama Uzi alilizunguka. Alichutama kwa shida, akatazama kina chake.

"Lete nguzo," alisema.

"Nguzo?"

"Miaka mingapi nakuomba kamba ya kuanikia? Shimo hili hapa. Simika nguzo. Nimechoka kuanika nyuma ya mlango."

Nguzo ikasimikwa siku hiyo hiyo. Imesimama mpaka sasa, mwaka wa tatu. Kila baada ya miezi michache Mama Uzi huenda kuangaliwa. Kila mara daktari humkagua, humuuliza kama ameona damu, kisha humwambia aende nyumbani kwa amani. Akirudi, hupita kwanza nyuma, akatundika kitu kwenye kamba, hata kama ni kitambaa kimoja.

Ilikuwa jioni moja baada ya kuangaliwa hivyo ndipo Shangazi alipokuja. Hakupiga hodi mbele. Alipitia nyuma, akamkuta wifi yake akianika. Kwapani alibana mfuko mdogo wa nguo.

"Wifi," alisema.

"Abee, wifi."

Shangazi aliitazama nguzo. Alijua ilivyofika pale.

"Nilikuambia unyamaze," alisema. "Siku ile. Nilikuambia yatakwisha yenyewe."

"Nakumbuka."

"Sikuwa nakuambia wewe." Alishika nguzo kwa mkono mmoja. "Nilikuwa najiambia mwenyewe. Yangu yalikuwa yamekuja kabla ya yako, yakakoma. Mwezi huu yamerudi."

Mama Uzi alikuwa na maneno mengi ya kusema, na mengine alistahili kabisa kuyasema. Aliyaacha yote. Alibana kitambaa cha mwisho kwenye kamba, akajipangusa mikono.

"Fundi!" aliita kupitia mlango. "Funga karakana. Kesho asubuhi hatufungui."

"Tunakwenda wapi?"

Mama Uzi hakujibu badala ya mwenzake. Alimtazama Shangazi, akangoja.

"Hospitali," Shangazi alisema kwa sauti, ili ndugu yake asikie. "Nakwenda kupimwa."